Oili ya injini kwa gari ya Dar: ibadilishwe lini, na siku ya kumwaga ufanyeje

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi ndio mnalitafuta. Gari ndogo ya petroli, IST, Vitz, Passo, Raum, Premio, inayoshinda kwenye foleni za Dar, mwaga oili na ubadilishe filta kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, kitakachowahi ndio hicho. Kama unaweka oili ya kawaida ya bei ya chini, shuka mpaka 3,000, ukizidisha sana 4,000. Kama unaweka sinthetiki kamili, ya ukweli, unaweza kusogea hadi 7,500 lakini miezi 6 inabaki palepale. Hizo ndio namba, ila naomba usome mpaka chini kwa sababu zinabadilika kutokana na unavyoitumia gari yako, na ndio maana unakuta IST mbili za mwaka mmoja, moja ina kilomita laki mbili na nusu injini imetulia kimya, nyingine haijafika laki na nusu na asubuhi ukiwasha cheni ya ndani ya injini inalia mtaa mzima unasikia.

Shida iko hivi, tumezoea kuhesabu kilomita wakati oili inachoka kwa masaa ambayo injini imewaka. Ni kama mafuta ya kukaangia chipsi, muuzaji anayabadilisha kwa jinsi yalivyokaa jikoni. Ndani ya injini oili inakula joto, masizi, petroli kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni, unyevu, asidi, na zile dawa walizoweka kiwandani za kusafisha na kuzuia msuguano zinaisha taratibu. Hayo yote yanaendelea hata gari ikiwa imesimama Kimara Korogwe haisogei, injini inanguruma, AC inavuta, na kilomita kwenye dashibodi hazijaongezeka hata moja.

Tupige hesabu. Gari inayokwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, mpaka imalize kilomita 5,000 injini imewaka masaa kama 83. Sasa chukua mtu anayetoka Mbezi asubuhi anaingia Posta kwa Morogoro Road halafu jioni anarudi, wastani wake ukiupima vizuri ni kama 15 kwa saa na kuna siku za mvua hata hiyo 15 haifiki. Kilomita 5,000 zilezile kwake ni masaa 333, yaani mara nne ya yule wa kwanza. Dashibodi zao zinasoma sawa lakini oili zao haziko sawa hata kidogo.

Na watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Toyota kule Japani kwa injini za petroli za kawaida wanasema 15,000 au mwaka mmoja, na kuna ndugu zetu wanaishikilia hiyo namba kama sheria, ila ukisoma mstari unaofuata wameandika kwamba kama matumizi ni magumu ikate nusu, 7,500 au miezi 6, na injini za petroli zenye turbo wao wanasema 5,000 au miezi 6 hata kwa matumizi ya kawaida. Matumizi magumu wanayataja, barabara mbovu, vumbi, kupanda milima sana, safari fupifupi, kusimama muda mrefu injini ikiwa inawaka. Ukikaa Goba, Madale, Kinyerezi ya ndani au Chanika na kazi yako iko mjini basi wamekutaja wewe.

Hatua ya kwanza: pima wiki yako

Jumatatu asubuhi sifurisha Trip A, kile kihesabio cha kilomita za safari kwenye dashibodi. Kila ukiwasha gari angalia saa, ukizima angalia saa, andika kwenye simu, wiki nzima, hata kama ni kwenda dukani tu. Jumapili jioni gawanya kilomita kwa masaa upate wastani wako. Halafu fanya hivi: zidisha huo wastani mara 250 kama unatumia oili ya sinthetiki au semi (nusu sinthetiki), zidisha mara 200 kama ni oili ya kawaida. Jibu ndio kilomita zako za kumwaga oili. Wastani wa 20 mara 250 ni 5,000. Wastani wa 15 mara 250 ni 3,750. Wastani wa 15 kwa oili ya kawaida ni 3,000 tu. Ikikuletea zaidi ya 7,500 ishia 7,500.

Hiyo 250 nimeichukua kwa watu wa mitambo, wenye makatapila na jenereta hawana habari na kilomita, wao wanasoma mita ya masaa, na masaa 250 ni kipimo cha kawaida sana kwenye mitambo hiyo. Najua gari ndogo si katapila, ila kwa foleni zetu nimeona inamsaidia mtu kuliko kukisia.

Wanaofanya teksi mtandao hesabu yenu ni nyepesi zaidi, ukipiga kilomita 150 kwa siku basi ndani ya siku 33 umemaliza 5,000, kwa hiyo kwako ni kila mwezi, iweke kwenye bajeti kama unavyoweka hela ya bosi. Na yule ambaye gari inalala nyumbani, inatoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi, usijidanganye kwamba kilomita 900 kwa miezi 6 oili bado mpya. Safari fupi oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyoingia, inabaki humohumo inatengeneza asidi. Miezi 6, mwaga.

Kama gari ndio kwanza imetoka bandarini, mwaga siku hiyohiyo au wiki hiyo. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni kwenye nguzo au chini ya boneti, mara nyingi kuna stika ya Kijapani ya sevisi ina tarehe na kilomita. Ukiona mwaka umeandikwa 5 au R5, hiyo ni kalenda yao ya Reiwa, jumlisha 2018 unapata 2023. Ikiwa H30 ni Heisei, jumlisha 1988, unapata 2018. Inakusaidia pia kujua kama kilomita za dashibodi zimechezewa, maana stika ikisema 142,000 na dashibodi inasema 78,000 hapo una maswali ya kumuuliza aliyekuuzia.

Hatua ya pili: jua injini yako inakula oili gani

Usimuulize muuza duka, angalia mfuniko wa kujazia oili, gari nyingi za miaka ya karibuni wameandika hapohapo 0W-20 au 5W-30, ndio namba za uzito wa oili, ya kabla ya W ni uzito wake kwenye baridi na ya baada ni ikiwa imepata moto, na kitabu cha gari hata kikiwa cha Kijapani hizo namba unazisoma. IST na Vitz zetu hizi nyingi 5W-30 inakaa vizuri. Dar hakuna baridi ya maana, hata usiku wa Julai, kwa hiyo ile namba ya kabla ya W haitusumbui kama wenzetu wa nchi za barafu, lakini oili nyepesi bado inawahi kupanda juu ya injini unapowasha asubuhi na hapo ndipo msuguano mwingi unapotokea.

Kuna ushauri mmoja wa gereji unaniuma kweli, gari ikifika kilomita laki na kitu unaambiwa "bosi hii injini imechoka weka 20W-50". Injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, zina vitundu vidogo na valvu inayosukumwa kwa presha ya oili, ukiweka oili nzito hivyo inachelewa kufika, VVT inachelewa kujibu, cheni inakosa oili sekunde za mwanzo. Kama injini imeanza kula oili panda ngazi moja, 10W-30 au 10W-40, na ujue hujatibu kitu, umepunguza makali tu.

Halafu geuza dumu nyuma usome herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya ubora wa oili. Kwa petroli zinaanza na S, na herufi ya pili jinsi inavyokwenda mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SP ilitoka 2020, SN ni ya kabla yake, hizo mbili chukua bila wasiwasi. SL bado inafaa gari za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini bado zipo oili madukani zimeandikwa SF, na API wenyewe wanasema SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Mtu anaiweka kwenye gari ya 2008 kwa sababu dumu ni zuri na bei imeshuka. Dizeli zake zinaanza na C, kama CI-4 au CK-4, hapo wenye Hilux, Prado na Hiace za dizeli ndio pa kuangalia.

Kiasi nacho ujue. IST yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, Vitz na Passo za silinda tatu ni lita 3 na kidogo tu. Dumu ni lita 4. Fundi asiyejali anamimina dumu lote ili "lisibaki", na oili ikizidi sana kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaipiga inakuwa povu, povu halilainishi kitu. Kinachobaki ni chako, funga vizuri weka nyuma ya gari, utaongezea.

Hatua ya tatu: kununua

Oili feki zipo na wanaozitengeneza wanatumia madumu halisi, hilo ndio la kuelewa, kwa hiyo kuangalia stika peke yake haitoshi. Nunua kwa wakala anayejulikana au kwenye vituo vikubwa vya mafuta, na ukienda Gerezani Kariakoo nenda duka ambalo ukirudi kesho utamkuta mtu yuleyule. Dai risiti ya EFD, anayeuza feki hapendi kukuandikia jina la bidhaa kwenye risiti. Angalia sili ya mfuniko kama haijaguswa, namba ya bachi na tarehe zimechapwa kwenye dumu na hazifutiki kwa kidole, alama ya ubora ipo. Bei ikiwa chini sana kuliko kwa wengine usiulize mara mbili, ondoka. Ukiuziwa feki na una risiti, TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani) ndio wahusika, peleka na dumu lako.

Na hili naomba lifanywe na kila mtu: dumu likiisha litoboe kwa bisibisi au ulipasue kabla hujaondoka gereji. Dumu zima unaloliacha pale ndio linalorudi sokoni likiwa na oili iliyochujwa.

Filta ni hivyohivyo. Za Toyota zenyewe nyingi namba zinaanza na 90915, ila namba feki nazo zinachapwa, kwa hiyo duka ndio muhimu. Filta nzuri ina kizuizi cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi yote chini gari ikilala. Filta mbovu haina au inacho cha kuigiza, matokeo yake kila asubuhi injini inaanza kavu na ile kelele ya cheni ya sekunde mbili tatu unaisikia. Ukibadilisha oili bila filta umechanganya oili mpya na uchafu wa zamani, usifanye hivyo kwa ajili ya kuokoa hela ya filta.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kama ni gereji simama karibu na gari, usiende kunywa soda. Fundi mzuri hachukii mteja kuangalia kazi.

Injini iwe ya uvuguvugu, imewaka dakika tano hivi, isiwe imetoka moja kwa moja kwenye foleni maana oili inaunguza. Gari iwe sehemu tambarare, na kama imenyanyuliwa iwekwe kwenye stendi, mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua mfuniko wa juu ndipo ufungue bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, Toyota nyingi ni spana 14. Kabla haijafunguliwa hakikisheni ni ya injini na sio ya giaboksi, hasa kwenye Subaru ambako bolti zimekaribiana na makosa haya yanatokea sana. Ikianza kutoka oili nyekundu simamisha, hiyo ni ya giaboksi.

Acha imwagike dakika kumi mpaka kumi na tano, mpaka inadondoka tone kwa tone. Wengi wanafunga baada ya dakika mbili kwa sababu kuna gari nyingine inasubiri, mwambie tu "fundi tulia iishe, sina haraka". Wakati inamwagika chukua kidogo kwenye vidole uangalie juani. Kuwa nyeusi sio ugonjwa, oili nyeusi maana yake imebeba masizi, ndio kazi yake, na dizeli inakuwa nyeusi hata siku chache baada ya kuweka mpya. Kinachotisha ni ving'arang'ara vya chuma, au rangi kama chai ya maziwa ambayo inamaanisha maji yameingia, au harufu kali ya petroli. Ukiona kimojawapo, usiishie kubadilisha oili, tafuta chanzo.

Washa ya bolti, ile pete ndogo ya kuzuia kuvuja, iwe mpya, ni kitu cha hela ndogo sana. Ukitoa filta ya zamani angalia kama mpira wake umetoka nayo, ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini na ukafunga mpya juu yake oili itamwagika yote barabarani. Mpira wa filta mpya paka oili kidogo, funga kwa mkono mpaka uguse halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Bolti ya sampo kaza kwa spana ya kawaida bila kuongeza bomba, sampo nyingine ni za aluminiamu na thredi zikichanika utatumia hela kubwa kuliko oili yenyewe.

Mimina pungufu kidogo, kwa IST weka lita 3.3 hivi, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, acha dakika moja huku mnachungulia chini kama kuna panapovuja, zima, subiri dakika tano, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Ongeza kidogokidogo mpaka ikaribie F, alama ya imejaa kwenye kijiti. Isipite F.

Fundi akikwambia asuuze injini kwa dizeli kataa kwa upole. Dizeli haitoki yote, inayobaki inaenda kuifanya nyepesi oili mpya uliyotoka kuinunua, na kwenye injini iliyojaa tope inabandua vipande vinavyokwenda kuziba chujio la pampu. Injini yenye tope inasafishwa kwa kufupisha muda, weka oili nzuri, mwaga baada ya 1,500, weka tena, mwaga baada ya 2,500, oili yenyewe ina dawa ya kusafisha taratibu.

Oili chafu isiende mtaroni, mitaro yetu inaishia Msimbazi na baharini. Iwekwe kwenye dumu apewe anayekusanya, na mikono ioshwe kwa sabuni maana oili iliyotumika ina sumu zinazodhuru ngozi ukiizoea kila siku.

Baada ya hapo

Piga picha dashibodi na uandike kwenye simu tarehe, kilomita, aina ya oili na lini inayofuata, kwa kilomita na kwa mwezi, vyote viwili. Stika ya gereji mara nyingi wanaandika kilomita tu.

Kila wiki mara moja, asubuhi kabla hujawasha, pima oili. Hii ndio inayookoa injini kuliko kitu kingine chochote nilichoandika hapa, kwa sababu gari inaweza kuwa ndani ya ratiba kabisa na oili imekauka. Wenye Harrier, Kluger, Alphard na Estima za 2.4 zenye injini ya 2AZ-FE muwe makini zaidi, baadhi ya injini hizo zinajulikana kwa kula oili, mpaka Toyota Marekani waliwahi kuwa na mpango wa kubadilishia watu pistoni na ringi. Ukiwa na injini ya hivyo unaongezea katikati, huwezi kusubiri 5,000 ndio ufungue boneti.

Mnaopanda Moshi na Arusha Desemba, Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya huko hesabu 1,300. Kilomita za barabara kuu haziichoshi oili kama za mjini, lakini kama imebaki chini ya 1,500 kwenye ratiba yako mwaga kabla ya safari, usiende kuungaunga njiani.

Masika ukipita kwenye maji na yakafika usawa wa injini, Jangwani au popote, na gari ikazima, usiwashe tena. Ivutwe, kijiti kichomolewe, filta ya hewa ifunguliwe ionekane kama imelowa. Oili ikiwa na rangi ya maziwa imwagwe hata kama uliweka juzi, na baada ya kilomita mia chache imwagwe tena kwa sababu maji hayatoki yote mara ya kwanza.

Na ile taa nyekundu ya kopo la oili ikiwaka ukiwa barabarani, hiyo ni presha imeshuka, haikwambii oili imepungua kidogo, inakwambia vyuma vinasagana sasa hivi. Weka pembeni, zima injini hapohapo hata kama ni katikati ya Ubungo na watu wanapiga honi, pima oili, na kama iko chini ongeza ile iliyobaki nyuma ya gari. Taa ikizima twende taratibu mpaka gereji ya karibu, isipozima fundi ndio aje ulipo.